Miguu, boriti na vibanio: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sakafu za kuinuliwa

Haya ni maswali kuhusu ile sehemu ya sakafu isiyoonekana kazi ikishakwisha: miguu inayobeba vigae, boriti zinazobeba mbao za nje, na skrubu na vibanio vinavyozishika. Watu wengi huulizia habari yake vigae vikishaanza kugonga au mbao zikishaanza kupinda. Ingefaa iulizwe kabla hata ya kuchagua rangi ya kigae.

Sakafu ya kuinuliwa ni nini hasa?

Ni sakafu ambayo uso wake haugusani na zege. Chini kabisa kuna zege lenye membreni ya kuzuia maji. Juu yake inasimama miguu, na juu ya miguu vinalala vigae vinene au boriti zinazobeba mbao. Maofisini na kwenye vyumba vya kompyuta, juu ya miguu huwekwa paneli. Hakuna saruji wala grauti, ule ujazo wa nafasi za vigae, kati ya tabaka hizi. Uzito wa vigae na kuta za pembeni ndivyo vinavyoituliza sakafu.

Faida yake kubwa ni kwamba inafunguka. Kigae kikipasuka, unakiinua hicho kimoja. Bomba likivuja, unafungua pale pale linapovuja, kazi ambayo kwenye sakafu ya kubandika ingedai nyundo na tindo. Majibu mengi hapa chini yanazunguka jambo hilo: chochote kinachoizuia sakafu kufunguka tena kinakunyang'anya kile ulichokilipia.

Mguu una sehemu gani?

Kitako, shingo na kichwa. Kitako ni sahani ya duara, aghalabu yenye kipenyo cha karibu milimita 200, inayotawanya uzito juu ya membreni. Shingo ina nyuzi za skrubu: ukiizungusha, mguu unarefuka au kufupika kidogo kidogo. Kichwa ndicho kinachopokea pembe za vigae. Juu yake yamesimama masikio manne membamba ya plastiki, yenye unene wa milimita 2 hadi 5. Pembe nne za vigae vinne hukutana hapo, kila moja ikikaa katika robo yake, na masikio yanabaki katikati kama spesa, yaani vitenganishi. Ukifika ukutani unakata masikio mawili kwa koleo ili kichwa kiingie chini ya kigae. Ukifika kwenye kona unayakata yote.

Miguu mingi ya nje hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki ngumu isiyooza wala kushika kutu. Ipo pia ya alumini na ya chuma, na sababu ya kuichagua mara nyingi ni moto. Swali lake liko mbele. Pale ambapo nafasi ni finyu mno, milimita 10 au 15 tu, hutumika visahani vya mpira au plastiki visivyorekebishwa urefu.

Je, kigae chochote kinafaa?

Hapana. Kigae cha kawaida cha milimita 9 au 10 kimetengenezwa kilale juu ya gundi iliyojaa chini yake chote. Ukikiweka juu ya miguu minne, katikati kinabaki hewani, na mguu wa kiti ukitua hapo unaweza kukivunja. Vinavyofaa ni vigae vya poseleni vya milimita 20, mawe ya asili kuanzia milimita 30 kutegemea jiwe lenyewe, na vigae vya zege vya milimita 40 na kuendelea.

Kigae cha poseleni cha sentimita 60 kwa 60 chenye unene wa milimita 20 kina kilo 17 hivi, sawa na kilo 47 kwa mita ya mraba. Mtu mmoja anaweza kukiinua, ila atumie kifaa cha kunyonya chenye mpini, asichokonoe ukingo kwa bisibisi. Kingo za poseleni hubanduka vipande upesi, na kipande kilichobanduka hakirudi.

Nitahitaji miguu mingapi?

Chukua baraza la mita 6 kwa 6 na vigae vya sentimita 60. Vigae ni 10 kwa 10, yaani 100. Miguu inakaa kwenye makutano ya pembe, na makutano ni 11 kwa 11, yaani 121. Hiyo ni miguu mitatu na ushei kwa kila mita ya mraba. Wengi hupiga hesabu ya haraka, wakapata 2.8 kwa mita, wakasahau kwamba ukingoni mguu mmoja unabeba vigae viwili tu na kwenye kona kimoja. Baraza jembamba na refu ndilo linalokula miguu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni ukingo.

Vigae vikiwa vikubwa, kwa mfano 90 kwa 90, au watu wengi wakitarajiwa kukusanyika hapo, ongeza mguu wa katikati chini ya kila kigae. Kwa mfano wetu idadi ingepanda hadi 221. Vigae vya 120 kwa 60 vinahitaji pia miguu katikati ya pande zake ndefu.

Zege langu lina mteremko. Nilisawazishe kwanza?

Usilisawazishe! Mteremko huo ndio unaotoa maji. Wa asilimia 1 hadi 2, yaani sentimita moja au mbili kwa kila mita, ni mzuri. Kazi ya miguu ni kukupa uso ulionyooka juu ya zege lililoinama. Maji hupita kwenye nafasi kati ya vigae, yanafuata mteremko huko chini na kuingia bombani, na juu unabaki na baraza lisilo na vidimbwi.

Kinachohitajika ni hesabu kabla ya kuagiza. Mteremko wa asilimia 1.5 kwa urefu wa mita 6 unashuka milimita 90. Kama mguu mfupi kabisa utakuwa wa milimita 40, mrefu utakuwa wa 130. Miguu huuzwa kwa saizi, kila saizi na upeo wake wa kurefuka, kwa hiyo hapo jiandae kununua saizi mbili au tatu. Anza kupima mahali zege lilipo juu kuliko kote, maana hapo nafasi ni finyu kabisa na ndipo panapoamua kimo cha sakafu nzima. Piga levo ya leza, weka alama ukutani kuzunguka baraza lote, kisha andika kimo kinachohitajika kila kona na katikati. Karatasi hiyo ndiyo oda yako.

Kumbuka kwamba kitako nacho kimelala juu ya mteremko, hivyo shingo inainama pamoja nacho. Kwa asilimia 1 huenda usione kitu. Kwa asilimia 3 kigae kinaanza kukalia ukingo wa kichwa badala ya kichwa chote. Tumia vichwa vinavyojilaza vyenyewe, au visahani vya kurekebisha mteremko chini ya kitako. Mifumo mingi inafika asilimia 5.

Kwa nini vigae vinacheza na kugonga nikipita?

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Kigae ni kigumu, hakipindi, na kitu kigumu juu ya nguzo nne hutulia juu ya tatu. Ya nne ikipungua hata nusu milimita, kigae kinacheza.

Ili kumpata mkosaji, piga magoti. Bonyeza pembe moja ya kigae kwa kiganja, kisha bonyeza pembe inayotazamana nayo kwa mshazari. Pembe itakayoshuka na kutoa mlio wa "tok" ndiyo iliyokosa msaada. Sasa usikimbilie kuurefusha mguu wake. Mguu huo unabeba vigae vingine vitatu, na ukiupandisha unavihamishia ugonjwa. Kagua kwanza vile vitatu. Kama vimetulia, kata robo ya kisahani chembamba cha mpira, cha nusu milimita au milimita moja, ukiingize chini ya pembe ile peke yake. Kama vyote vinne vinacheza hapo hapo, basi mguu wenyewe ni mfupi, uzungushe. Ipo miguu inayorekebishwa kutoka juu kwa ufunguo mwembamba unaopita kati ya vigae, bila kuinua chochote. Kwa baraza kubwa mimi ningeongeza pesa nikapata hiyo.

Sababu nyingine huwa ndogo hadi zinachekesha kuzikuta: punje ya changarawe chini ya kitako, mkunjo wa membreni, ukingo wa plastiki uliobaki sikio lilipokatwa vibaya. Fagia zege vizuri kabla ya kuanza, kisha fagia tena unavyoendelea. Ikiwa kigae hakichezi ila kinagonga kwa sauti kavu, kinachokosekana ni mpira juu ya kichwa cha mguu. Plastiki ngumu ikigusana na poseleni, kila hatua inasikika hadi chumba cha chini.

Nafasi kati ya vigae zinapanuka upande mmoja. Tatizo ni nini?

Sakafu haijabanwa pembeni. Vigae vilivyolala tu juu ya miguu husukumwa kidogo kidogo na hatua za watu, na joto la mchana na baridi ya usiku. Masikio ya spesa hayawezi kuvizuia peke yake, kwa sababu miguu yenyewe haikufungwa kwenye zege.

Dawa ni kuibana sakafu pande zote nne. Penye ukuta, tumia spesa za ukutani au klipu zenye springi zinazojaza nafasi kati ya kigae cha mwisho na ukuta. Springi inakubali kigae kitanuke na inakirudisha kikisinyaa. Pasipo na ukuta, kwa mfano baraza linapoishia kwenye bustani au ngazi, lazima pawe na kizuizi cha kweli: fremu ya chuma, pembe ya alumini iliyofungwa chini, au kigae kilichosimamishwa wima na kushikwa kwa klipu zake. Upande mmoja ukiachwa wazi, sakafu yote itauelekea, na kwa kawaida dalili huanza kuonekana mbali na upande huo, jambo linalowachanganya mafundi wengi.

Naweza kujaza nafasi hizo kwa grauti au silikoni?

Usijaze. Maji yatakosa pa kupita, grauti itapasuka kwa sababu vigae vinatembea, na sakafu haitafunguka tena. Kama vitu vidogo vinaangukia humo, chagua masikio ya milimita 2 badala ya 4 au 5.

Miguu haitatoboa membreni yangu?

Mguu uliolala sawasawa hautoboi. Tena membreni iliyofunikwa hudumu zaidi, kwa kuwa haipigwi na miali ya jua wala kukanyagwa. Panapohitaji uangalifu ni chini ya kitako. Weka kipande cha mpira au cha membreni ileile chini ya kila mguu, na hakikisha membreni yako inapatana na mpira au plastiki unayoiweka juu yake. PVC laini hasa haipatani na lami, kwa hiyo huhitaji tabaka la kuzitenga. Ijaribu membreni kwa kuijaza maji kabla ya kuifunika. Kuitafuta tundu baada ya vigae kuwekwa kunawezekana, maana sakafu inafunguka, lakini ni kujitakia kazi.

Kama chini ya membreni kuna povu la kuzuia joto, hesabu inabadilika. Baraza la watu hupimwa kwa mzigo wa hadi kilonyutoni 4 kwa mita ya mraba, yaani kilo 400 na ushei. Ukiongeza uzito wa kigae, mguu wa katikati unaobeba eneo la mita za mraba 0.36 unapokea kama kilonyutoni 1.6. Zigawanye kwa eneo la kitako cha milimita 200 na unapata mkandamizo wa kilopaskali 50 hivi. Povu gumu la XPS la kilopaskali 300 linabeba hilo bila shida. Povu laini la EPS lenye alama 100 linabeba pia kwa muda mfupi, lakini namba hiyo 100 ni ya jaribio ambalo povu limeshabonyea asilimia 10. Mzigo wa kudumu, kama chungu kikubwa cha maua, uwe mdogo zaidi, karibu theluthi moja ya namba hiyo au chini yake. Ukiwa na povu laini, weka sahani pana chini ya kitako au ongeza miguu.

Upepo unaweza kuondoa vigae vya juu ya paa?

Unaweza, na hili lisichukuliwe kwa wepesi kwenye majengo marefu. Kigae cha poseleni cha milimita 20 kinakandamiza kwa paskali 460 hivi kwa uzito wake. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una msukumo wa paskali 550, na kwenye kona na kingo za paa mvuto wa kwenda juu unaweza kuzidi hapo. Kinachokuokoa ni zile nafasi zilizo wazi: hewa inapita, na msukumo wa juu na wa chini ya kigae unakaribiana. Ndiyo sababu nyingine ya kutozijaza.

Hata hivyo mhandisi ahesabu, hasa kama ukuta wa ukingo ni mfupi au hakuna kabisa. Majibu yake huwa kati ya haya: vigae vizito zaidi kwenye kona, klipu zinazofunga kigae kwenye kichwa cha mguu, au reli za alumini zinazounganisha miguu yote iwe kitu kimoja. Mbao ni nyepesi kuliko vigae, kwa hiyo fremu yake ndiyo ifungwe au iwekewe uzito.

Kigae kikivunjika, mtu atatumbukia?

Poseleni haitoi onyo. Kitu kizito kikiangukia kigae, kinaweza kuachia ghafla vipande viwili au vitatu. Sakafu ikiwa milimita 50 juu ya zege, mtu atajikwaa. Ikiwa nusu mita, atavunjika mguu. Kwa hiyo kadiri kimo kinavyopanda ndivyo unavyohitaji kigae chenye wavu wa nyuzi za kioo, au bora zaidi bati la chuma lililogandishwa mgongoni mwake kiwandani, linaloendelea kushika vipande baada ya kuvunjika. Wavu peke yake huzuia vipande kutawanyika. Usiutegemee kubeba mtu. Muulize muuzaji kimo ambacho mtengenezaji anaruhusu bila bati, na akupe kwa maandishi.

Boriti za mbao za nje ziachane umbali gani?

Kwa mbao ngumu zenye unene wa milimita 25 hivi, sentimita 40 kutoka katikati ya boriti moja hadi katikati ya nyingine hufaa. Kwa kompositi, yaani mchanganyiko wa unga wa mbao na plastiki, watengenezaji wengi huomba sentimita 30 hadi 40, kwa sababu hulegea ikipata joto. Ukipanga mbao kwa mshazari wa nyuzi 45, umbali ambao ubao unauruka unaongezeka mara 1.41. Boriti zilizoachana sentimita 40 zinakuwa kama za 56, hivyo zisogeze hadi sentimita 28 au 30.

Chini ya boriti, miguu hukaa kila sentimita 50 au 60, kutegemea ukubwa wa boriti. Kichwa cha mguu wa boriti kina mabawa mawili yanayoikumbatia boriti, na skrubu huingia kutoka ubavuni ili isitoboe uso wa juu unaopokea maji. Ncha mbili za mbao zinapokutana, zisigawane boriti moja nyembamba. Weka boriti mbili sambamba, kila ncha na yake, vinginevyo skrubu zitakaa karibu sana na ncha na kuipasua. Boriti za mbao zifunike juu kwa utepe wa lami au butili. Maji yanayokaa kwenye matundu ya skrubu ndiyo yanayoziozesha, na boriti huoza kabla ya ubao.

Skrubu za kuonekana au vibanio vya kujificha?

Kwa nguvu tupu, skrubu. Mbili kwa kila mahali ubao unapovuka boriti, milimita 15 hadi 20 kutoka ukingoni, zenye urefu wa mara mbili na nusu ya unene wa ubao: kwa ubao wa milimita 25, skrubu ya milimita 60 au 65. Kwenye mbao ngumu toboa tundu kwanza kwa drili. Usipotoboa, utasikia skrubu ikilia na kichwa kukatika mkononi, na kuitoa iliyobaki ndani ni kazi ya nusu saa. Simamisha kichwa cha skrubu sawa na uso wa ubao. Kikizama, kinaacha kidimbwi kidogo cha maji juu ya kila skrubu.

Vibanio vya kujificha huingia kwenye mfereji uliochimbwa ubavuni mwa ubao na kufungwa kwenye boriti. Uso unabaki safi, mguu mtupu haukutani na chuma, nafasi kati ya mbao inajipanga yenyewe, na ubao unaweza kutanuka kwa upana bila kung'ang'ania skrubu. Kasoro yake ni kwamba vibanio vingi vinakuzuia kutoa ubao wa katikati bila kuanza kufungua kutoka ukingoni. Ukitumia vibanio, acha mlango mdogo juu ya mdomo wa bomba la maji: kipande cha mbao kilichofungwa kwa skrubu za kuonekana kwenye fremu yake, kinachonyanyuka kikiwa kizima. Nimeona kazi nzuri sana za mikono zikibomolewa kwa kukosa mlango huo.

Mbao zilizopinda na zenye mikunjo huhitaji skrubu, kibanio hakitazinyoosha. Na ubao wa kwanza na wa mwisho huwa na klipu zake maalumu au hufungwa kwa skrubu.

Kuna madoa meusi kuzunguka skrubu. Yanatoka wapi?

Mbao nyingi ngumu zina tanini nyingi, kemikali ya asili ya mti. Chuma cha kawaida kikilowa pamoja nazo hufanya doa jeusi la samawati, ambalo huingia ndani ya ubao. Skrubu iliyopakwa zinki huchelewesha tu, maana bisibisi hukwaruza zinki kichwani siku ya kwanza. Tumia steinlesi, yaani chuma kisichoshika kutu. Daraja A2 linatosha sehemu nyingi. Karibu na bahari au bwawa la kuogelea nunua A4, ambalo limeongezwa molibdeni ili kupambana na chumvi na klorini. Mbao laini zilizotiwa dawa yenye shaba nazo hula zinki, kwa hiyo huko pia steinlesi ni salama zaidi.

Doa likishaingia, asidi ya oksali iliyoyeyushwa kwenye maji huliondoa au kulififisha. Vaa glavu na miwani, na usuuze vizuri. Ila usipobadilisha skrubu, litarudi.

Mbao zangu za kompositi zimejikunja. Je, ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu, zilinyimwa nafasi. Ubao wa asili hutanuka zaidi kwa upana, kwa sababu ya unyevu. Kompositi hutanuka kwa urefu, kwa sababu ya joto. Ubao wa mita 4 ukipata ongezeko la nyuzi 30 unaweza kurefuka karibu milimita 5. Ukibanwa kati ya kuta mbili, hauna pa kwenda ila juu. Acha nafasi kila ncha kama kijitabu cha mtengenezaji kinavyosema, na uangalie joto la siku unayofunga: asubuhi ya baridi nafasi iwe kubwa, mchana wa jua kali iwe ndogo. Boriti za alumini pia hutembea, kama milimita 3 kwa urefu na joto hilohilo, kwa hiyo usizibane ukutani.

Sakafu za ofisini ni mfumo huohuo?

Wazo ni lilelile, vifaa ni vingine. Paneli huwa za milimita 600 kwa 600, za chipbodi iliyofunikwa kwa chuma, za kalsiamu salfeti, au za chuma kilichojazwa saruji. Miguu ni ya chuma, na hapa hugandishwa kwenye zege kwa gundi, kwa kuwa hakuna membreni ya kulinda. Nyaya na mabomba hupita chini. Kwenye vyumba vya kompyuta hewa baridi nayo hupitishwa humo na kutokea kwenye paneli zenye matundu, ndiyo maana sakafu hizo huinuliwa sana, mara nyingi milimita 300 hadi 600 au zaidi, wakati ofisi ya kawaida inaridhika na 75 hadi 150.

Kiwango cha Ulaya, EN 12825, kinazigawa kwa mzigo unaozivunja: daraja la 1 ni kilonyutoni 4, la 2 ni 6, la 3 ni 8, la 4 ni 9, la 5 ni 10 na la 6 ni 12. Mzigo wa kazi ni namba hiyo ikigawanywa kwa 2 au 3, kwa hiyo mtu akikutajia namba, muulize ni ya kuvunja au ya kazi. Na usitoe paneli nyingi za mstari mmoja kwa wakati mmoja. Miguu isiyounganishwa kwa vyuma vya pembeni hutegemea paneli kubaki wima, na ukifungua mfereji mrefu wa nyaya sakafu inaweza kulegea pande zote mbili.

Miguu ya plastiki inaruhusiwa kwenye ghorofa ndefu?

Inategemea sheria za mahali jengo lilipo, na zimekuwa zikikazwa. Nchini Uingereza, kanuni zilizoanza kutumika huko England tarehe 21 Desemba 2018, baada ya moto wa 2017 wa Grenfell Tower, ghorofa la makazi jijini London, zilipiga marufuku vitu vingi vinavyoshika moto kwenye roshani za majengo ya makazi yenye ghorofa iliyo juu kuanzia mita 18. Tangu hapo miguu ya alumini na ya chuma yenye daraja la moto A1 au A2 (ya vitu visivyoungua au vinavyochangia moto kidogo mno, si ile A2 ya skrubu) imetafutwa sana. Omba cheti cha mfumo mzima, si cha mguu peke yake: kipande cha mpira, boriti na ubao navyo vinaungua.

Nataka sakafu ya nje iwe sawa na ya ndani mlangoni. Inawezekana?

Ndiyo, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni jambo la lazima. Hatari ni maji. Utaratibu wa kawaida unataka membreni ipande ukutani milimita 150 juu ya uso wa sakafu, na ukiondoa ngazi unaipoteza kinga hiyo mlangoni. Badala yake weka mfereji wenye wavu wa chuma mbele ya mlango wote, unaomwaga maji moja kwa moja chini ya sakafu, na mteremko wa zege uelekee mbali na nyumba. Wavu huo uwe wa kuinuliwa kwa mkono.

Je, naweza kuweka beseni kubwa la maji moto au gari?

Gari, hapana. Beseni lenye lita 1,500 ni tani moja na nusu kabla watu hawajaingia. Mguu wa plastiki unaweza kubeba sehemu yake, lakini kigae, povu na zege lenyewe ni habari nyingine. Lijengewe jukwaa lake juu ya zege kwa hesabu ya mhandisi, na sakafu ilizunguke.

Chini ya sakafu kunasafishwaje?

Mara moja au mbili kwa mwaka, inua vigae vilivyo juu ya mdomo wa bomba, toa majani na matope, kisha mwaga maji kutoka mwisho wa juu wa mteremko na utazame yakija. Yakichelewa, fungua mstari wa vigae kuyafuata hadi uone kilichoyazuia. Kingo zilizo wazi ziwekewe wavu wa chuma ili panya wasiingie. Ukinunua vigae, ongeza vichache vya akiba kutoka kundi lilelile la uzalishaji, kwa kuwa rangi na hata vipimo hutofautiana kati ya kundi na kundi. Vihifadhi pamoja na kifaa cha kunyonya na ile karatasi ya vimo vya miguu. Atakayefungua sakafu miaka kumi ijayo ataihitaji kuliko risiti.